Pweza, kaa na kamba mawe: kujilinda na jua la kaskazi na baridi ya kusi huku Lamu

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo mawindo yaliyombakia mtu wa Lamu yako majini: pweza kwenye vipwa (miamba inayotoka nje maji yakikupwa) vya Kizingitini na Kiwayu, kaa kwenye matope ya mikoko, kamba mawe chini ya mwamba. Watu hujihadhari na hatari za kuonekana, kama mwiba wa samaki taa, papa na wimbi. Joto na baridi havionekani, na vyote viwili vina tabia moja mbaya: kabla ya kuangusha mwili huanza na akili. Aliyezidiwa na jua hajui kuwa amezidiwa, na aliyeshikwa na baridi atakwambia yuko sawa huku ulimi umeshakuwa mzito. Kwa hiyo saa ya kurudi hupangwa pwani kabla ya kuondoka, na anayesema "basi, turudi" ni mwenzako. Akilisema, hakuna kujadiliana.

Saa ya maji ndiyo saa ya jua

Mkulima akiona jua kali huenda shamba alfajiri akarudi saa tatu. Mchokoa pweza hana hiari hiyo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na hukaza siku moja au mbili baadaye. Katika siku hizo maji ya Lamu hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu hivi asubuhi, na mara ya pili saa kama hizo usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukifika siku ya nane, kukupwa kumesogea hadi jioni penye ubaridi, lakini hayo ni maji mafu na kipwa hakitoki vizuri. Kwa maneno mengine, bahari hukufungulia mlango wakati jua linapanda kuelekea utosini.

Hesabu ya siku ya bamvua basi iwe hivi. Tazama jedwali la maji, andika saa ya kukupwa kabisa. Ingia mwambani saa mbili kabla ya hapo, ukiyafuata maji yanavyotoka. Anza kurudi nusu saa baada ya kukupwa, au dakika 45 ukichelewa sana. Ikiwa maji yanakupwa saa nne na nusu, saa tano na robo uwe umeshaupa mwamba mgongo. Sababu ni mbili na zinakwenda pamoja. Maji yanapoanza kujaa, saa ya kwanza huja polepole mno hata ukadhani yamesimama, kisha saa ya tatu na ya nne hukimbia. Na mkondo ulio kati ya kipwa na nchi kavu hujaa kabla ya kipwa chenyewe, kwa hiyo njia hufungwa nyuma yako huku mbele bado kukavu. Mtu mwenye akili timamu huuvuka mkondo huo bado maji ya magoti. Mwenye kizunguzungu cha jua huufikia maji ya kifua, na hapo jua ndilo lililomuua ingawa watu watasema amezama.

Mwezi wa Ramadhani usiku una faida. Mwezi mosi na kumi na tano ndizo siku za bamvua, kwa hiyo maji ya usiku hukupwa baada ya futari na tarawehe, mtu ameshakunywa na kula. Kwenda mwambani mchana wa kaskazi, msimu wa joto, na saumu ni jambo la kufikiri mara mbili, na aliyeanza kuona giza machoni afungue; sharia imeweka ruhusa ya kuokoa nafsi, siku italipwa.

Maji ya kunywa: kiasi gani, na ya wapi

Kwa kazi ya mwambani chini ya jua, kipimo kinachofaa ni kikombe kimoja, yaani robo lita, kila dakika 20. Hiyo ni kama robo tatu ya lita kwa saa. Safari ya saa tano tangu kuondoka hadi kurudi inahitaji karibu lita nne kwa mtu mmoja, basi kila kichwa kiwe na dumu lake la lita tano. Dumu moja la wote ni ugomvi, na kwa kawaida anayenyamaza ndiye anayekauka.

Usingoje kiu. Kiu huchelewa, na kwa mtu aliyeinama akichungulia matundu huchelewa zaidi kwa kuwa mawazo yote yako kwa pweza. Funga kiunoni chupa ya lita moja na nusu, na dumu libaki mashuani chini ya tanga, limefunikwa gunia lililoloweshwa. Usiku uliotangulia gandisha chupa mbili zilizojazwa robo tatu, si zaidi, maana barafu hutanuka na kupasua. Asubuhi ziongeze maji. Barafu ya kuwekea pweza isiguse maji ya kunywa. Imeshalowa maji ya mashua na damu ya samaki.

Jambo moja la visiwani. Visima vingi vya upande wa Pate vina chumvi, na watu huzoea ladha yake mpaka hawaioni tena. Maji hayo yasitumike kuchanganyia chumvi ya sukari, yaani ile paketi ya ORS, kwa sababu yanaongeza chumvi juu ya chumvi na mtu hukauka badala ya kupata nafuu. Tumia maji ya mvua ya jabia, yaani birika la kuhifadhia, yaliyochemshwa, au ya chupa. Paketi moja huingia lita moja kamili. Usipokuwa na paketi, tengeneza yako: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe kwa ubapa wa kisu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kurundika kijiko. Onja kabla ya kufunga chupa. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage uanze upya.

Kwa mtu mzima asiyeumwa, lita moja ya mchanganyiko huo kwa kila lita tatu za maji matupu inatosha, pamoja na chakula cha chumvi kidogo. Maji matupu peke yake mengi mno nayo hudhuru: chumvi ya damu huzimuka, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, na mtu huongeza maji akidhani ni kiu. Usivuke lita moja na nusu kwa saa. Dafu ni jema na hushuka vizuri, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo liambatane na kitu chenye chumvi. Soda huleta kichefuchefu mtu akiwa moto.

Kipimo cha bure ni mkojo. Ukiwa wa rangi ya maji ya ndimu, uko vizuri. Ukifanana na chai ya rangi, umechelewa. Na usipoona haja ya kwenda tangu alfajiri hadi saa tano, huo ni ujumbe tosha.

Miraa na muguka tuseme wazi, maana mashua nyingi hazitoki bila fundo. Zinaondoa hisia ya njaa na uchovu, zinapandisha mapigo ya moyo na joto la mwili, na zinakausha kinywa. Ni kama kufunika taa ya onyo kwa kitambaa. Anayezitumia ajue kwamba mwili wake hautampa taarifa, na ahesabu vikombe vyake kwa saa, si kwa hisia.

Mavazi

Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi jua hupita karibu kabisa juu ya utosi, na kivuli chako kinakuwa chini ya nyayo zako. Kofia ya kito haina msaada hapo kwani haina ukingo. Vaa chapeo ya ukili yenye ukingo mpana wa vidole vinne au zaidi. Hata hiyo haitoshi, maana nuru hurudi kutoka chini, kwenye maji na mchanga mweupe, na kuunguza kidevu, chini ya pua na shingo. Kitambaa cha pamba kilicholowa, kifungwe shingoni na kufunika taya, kinafanya kazi mbili: kinakinga na kinapoza.

Shati liwe la mikono mirefu, jepesi, pana, la rangi isiyokoza. Kufanya kazi kifua wazi hudanganya. Upepo unakupoza kwa muda huku ngozi inaungua, na ngozi iliyoungua haitoi jasho sawasawa kwa siku kadhaa. Mwanamke wa mwambani hana haja ya kupunguza stara: dera pana la pamba na ushungi uliolowa vinamkinga kuliko fulana. Buibui la nailoni ndilo libaki mashuani, kwa sababu hubana jasho lisikauke, na jasho lisilokauka halipozi kitu.

Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji si ya mabishoo. Inakinga macho na ule ukuaji wa nyama mweupeni ambao wavuvi wengi wazee wanao, na juu ya hayo unaliona tundu la pweza kwa urahisi, zile kokoto na maganda aliyoyapanga mlangoni.

Anayerudi kutoka Nairobi, aliyekuwa mgonjwa, au aliyepumzika mwezi mzima, mwili wake umesahau joto. Kuuzoesha huchukua wiki moja hadi mbili. Siku ya kwanza afanye sehemu moja ya tano tu ya kazi aliyoizoea, kisha aongeze kidogo kidogo kila siku. Wazee, wajawazito, wenye kisukari na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wasichukue bamvua za Februari na Machi kama mchezo. Wamuulize daktari kuhusu dawa, na wabaki upande wa karibu na nchi kavu.

Mikokoni ni habari nyingine

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na wanaowinda kaa humo wanajua kitu ambacho wa mwambani hawakijui: humo ndani hakuna upepo. Kwenye kipwa joto linaweza kuwa kali lakini upepo wa kaskazi unakausha jasho. Katikati ya mikandaa hewa imesimama, imejaa mvuke, na jasho linatiririka tu bila kukauka. Kivuli kinakufanya udhani uko salama. Ongeza na kazi yenyewe, kuvuta mguu kutoka kwenye tope la magoti kila hatua, kuinama, kuingiza mkono au fimbo ya ndoana kwenye shimo na kushindana na kaa mwenye gando la kuvunja kidole. Saa moja ya mikokoni ni nzito kuliko saa moja ya mwambani, na kipimo cha mapumziko kiwe hivyo: dakika 30 za kazi, dakika 10 ukingoni mwa mto penye upepo, kitambaa kikiloweshwa upya.

Usiingie peke yako. Sauti haifiki mbali kati ya mizizi na matope, na mtu akiketi kupumzika nyuma ya magogo mawili hapatikani. Kila dakika kumi mmoja aite na mwenzake aitike kwa neno, si kwa mluzi. Mluzi mtu huupiga hata akiwa amechanganyikiwa. Neno linakuonyesha ulimi na akili viko wapi.

Kumtambua aliyezidiwa

Ngazi ya kwanza ni misuli ya shavu la mguu au tumbo kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na ngozi ya majimaji. Akili bado ipo. Mwondoe juani, mlaze miguu ikiinuliwa kidogo, fungua nguo, mloweshe, mpe mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa mafunda madogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akitapika kila anachokunywa, mhesabu yuko ngazi ya pili.

Ngazi ya pili joto la ndani limefika nyuzi 40 au kupita, na dalili yake kubwa ni akili. Anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, anapepesuka, anatembea kuelekea kwenye maji marefu, anapata degedege, anazimia. Yapo maelezo ya zamani kwamba lazima ngozi iwe kavu. Si kweli, anayefanya kazi ngumu anaweza kuwa analowa jasho na bado akawa katika hali hiyo. Swali la kumpima ni rahisi: "Maji yalikupwa saa ngapi leo? Mashua yetu iko upande gani?" Anayezubaa kwa maswali hayo hana kazi nyingine siku hiyo zaidi ya kupozwa. Kuna watakaosema amepata upepo wa bahari, au amepandwa na pepo. Mjadala huo uje baadaye, kwanza apozwe.

Kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye. Huku kwetu ina uzito wa pekee, kwa sababu saa ya jua kali ndiyo saa ya maji kutoka. Mji wa Pate boti haifiki maji yakiwa yamekupwa, watu hushukia Mtangawanda, na kutoka Kiwayu hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni safari ndefu hata kwa injini nzuri. Ubongo hausubiri. Nusu saa ya mwanzo ndiyo inayoamua, na nusu saa hiyo utakuwa bado uko mwambani.

Mpeleke kwenye maji yanayotembea, ukingoni mwa mkondo, yafike kifuani akiwa ameketi. Usimtie kwenye kidimbwi kilichobaki juu ya kipwa. Saa tano za kaskazi vidimbwi hivyo huwa vimechemka kama maji ya kuoga, ilhali ya mkondoni yako kwenye nyuzi 29 au 30 na yanatembea. Mtu mmoja amshike kwapani kwa nyuma, kichwa kikiwa juu ya maji wakati wote. Wa pili ammwagie kichwani na shingoni bila kukoma. Ikiwa mashua iko karibu, leta barafu ya samaki, ifunge kwenye leso na uweke kwapani, shingoni na kwenye manena, huku mwingine akimpepea kwa kipande cha tanga au sinia. Endelea mpaka azungumze sawasawa au aanze kutetemeka. Hapo mtoe, mweke kivulini, na safari ya hospitali ianze, huku nguo zake bado zimelowa na upepo unampiga.

Aliyezimia au anayeropoka asinyweshwe kitu. Maji yataingia mapafuni. Mlaze ubavu. Parasetamoli haina kazi hapa, maana joto hili si la homa, na ini lililopata moto halitaki mzigo mwingine. Piga simu 999 au 112, au wajulishe watu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) wa bandari yako waandae boti upande wenye maji. Hata akiamka na kusema amepona, aonwe na daktari siku hiyo hiyo: figo na ini hudhurika kimyakimya na dalili hutokea kesho yake.

Kusi: baridi katika nchi ya joto

Mtu wa bara husikia "baridi ya Lamu" akacheka. Bahari ya Agosti ina nyuzi 25 au 26, hakuna barafu wala ukungu. Lakini mwili uko kwenye 37, na maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Mzamiaji wa kamba mawe aliyekaa saa mbili majini, akapanda mashuani na fulana iliyolowa, akapigwa na upepo wa kusi njia nzima ya kurudi, anaweza kushuka chini ya nyuzi 35, na hapo ndipo baridi inapokuwa ugonjwa. Mara nyingi si maji yanayommaliza bali safari ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo panga kuanzia safari ya kurudi. Nguo kavu ziwe ndani ya dumu lenye kifuniko kipana au mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili: fulana, sweta, kikoi, kofia ya sufi. Koti la mvua liwe juu kabisa. Mzamiaji akipanda, nguo zilizolowa zinatoka zote, hata akiona haya; kikoi kipo kwa kazi hiyo. Pamba iliyolowa ambayo ilikuwa rafiki mwezi wa Machi, mwezi wa Julai ni adui: inashika maji, na upepo unayageuza ubaridi. Kisha aketi chini, mgongo kwa upepo, nyuma ya ubao wa mashua, si kusimama omoni, mbele ya chombo, kuangalia mawimbi.

Majini, usivuke saa moja kwa zamu moja, na pumzika nusu saa ukiwa mkavu kabla ya kurudi. Suti ya kuzamia ya milimita tatu inafanya tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani, hata ile kuukuu ya mtumba yenye kiraka. Ukikosa, fulana mbili za kubana za nailoni ni bora kuliko moja pana ya pamba. Kula kabla: uji mzito, mkate wa mofa, tende. Mwili hautoi joto bila kuni. Chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha iwe kwenye chupa ya chai, na kunywa si kwa starehe tu, kwa sababu maji baridi humfanya mtu akojoe sana, na mzamiaji hukauka akiwa katikati ya bahari bila kujua.

Baridi pia hufupisha pumzi. Aliyezoea kukaa chini dakika moja kwenye maji ya kaskazi ataona nusu yake ni kazi, na atajaribiwa kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Asifanye hivyo. Pumzi hizo haziongezi hewa ya maana. Zinaondoa ile hewa chafu inayomwambia mtu apande, kwa hiyo anazimia chini ya maji bila kuhisi haja ya kuvuta. Pumzi mbili tatu za utulivu, kisha shuka, na mwenzako abaki juu akikutazama mpaka utoke na useme neno.

Kipimo cha baridi ni cha mkono. Mwambie aguse kidole gumba kwa kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Akishindwa, au akifanya kwa taabu, hazami tena leo. Halafu msikilize: anayekokota maneno, anayeangusha kisu, anayefunga fundo la tanga vibaya mara mbili, baridi imeshafika kichwani. Kutetemeka kwenyewe ni dalili ya mwili unaopigana. Kutetemeka kukikoma huku bado ana baridi na anasinzia, usifurahi; mwili umeishiwa.

Mashua ikipinduka

Kusi huvimbisha bahari ya nje, na milango ya kutokea baharini ndiyo yenye hatari. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Ikitolewa, kaa ndani ya visiwa. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Ikipinduka, shikamaneni na mashua. Mara nyingi chombo kilichopinduka huendelea kuelea, na huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu. Panda juu ya mgongo wake kiasi unavyoweza, kwa sababu kila kiungo kilicho nje ya maji kinapoteza joto polepole zaidi. Usivue nguo, zinashika maji ya uvuguvugu karibu na ngozi. Usiogelee kuelekea nchi kavu unayoiona, isipokuwa iko karibu kweli na mkondo unakupeleka huko, maana kuogelea humwaga joto na ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Mwenye jaketi akunje magoti kifuani na kubana mikono ubavuni. Wakiwa watatu au zaidi wakumbatiane vifua kwa vifua, mtoto au aliyedhoofika akiwa katikati.

Wa kuokoa wana kosa lao: kumvuta mtu kwa mikono akining'inia wima, kisha kumsimamisha atembee. Aliyekaa majini muda mrefu akitolewa wima, damu hushuka miguuni na moyo unaweza kusimama pale pale. Mtoeni akiwa amelala, kwa tanga au wavu, na abaki amelala. Vueni nguo mbichi kwa kuzikata, mkausheni kwa kugusa bila kusugua, mfungeni blanketi au tanga kavu kuanzia kifuani na kichwani. Joto lianzie kiwiliwili: chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, kwapani na kifuani, au mwenzake mkavu alale naye ndani ya blanketi moja. Msisugue mikono na miguu, wala msimkalishe jikoni penye moto mkali. Damu baridi ya viungoni itakimbilia moyoni. Akiwa macho na anameza vizuri, apewe chai tamu kidogo kidogo. Pombe hapana, na sigara hapana.

Aliyezidiwa na jua asirudi mwambani kwa bamvua hiyo, na arudi kwa nusu siku bamvua itakayofuata, daktari akimruhusu. Aliyeshikwa na baridi mpaka ulimi ukawa mzito apumzike angalau siku mbili, na akirudi awe wa mashuani kwanza, akishika usukani na kuhesabu pumzi za wenzake.